Stima Inayotoka Kila Upande

Vijana wangu, mkiniona nimekaa hapa Katito nikiangalia mawingu, msidhani nasubiri mvua ya mahindi. Ninaogopa. Mvua ikipiga usiku, nguzo zinaanguka, na asubuhi lazima mtu atumwe kupanda. Siku hizi mtu huyo ni binti yangu, Akoth. Mimi nilifanya kazi ya laini za stima hadi nikastaafu, kuanzia Kisumu mjini mpaka Awasi mpaka huku Nyakach, na sikuwahi kuogopa nikiwa juu ya nguzo jinsi ninavyoogopa sasa nikiwa chini, na pensheni yangu na viatu vyangu vya plastiki.

Mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa. Haya, nitaeleza. Lakini anayetaka habari za ushujaa amtafute mzee mwingine, kwa sababu mimi kazi hii nilifundishwa na mwoga.

Aliitwa Mzee Okumu, mtu wa Awasi, mrefu, mkimya, na mwoga kuliko wote waliowahi kuvaa helmeti ya kampuni. Tulimpa jina la Bibi Arusi, kwa vile alivyokwenda polepole kuiendea nguzo. Sisi wengine damu ilikuwa inachemka. Tukishaambiwa kwa simu kwamba laini imezimwa, tunataka kupanda, kumaliza, kwenda kula. Okumu kwanza anaizunguka nguzo. Anaigonga kwa nyundo asikie kama imeoza ndani. Anaipima laini kwa kile kijiti kirefu cha kuonyesha kama ina stima. Kisha anafunga athi, na hapo ndipo tulipokuwa tunamkasirikia, maana alikuwa anaifunga mara mbili.

Athi ni ule waya mnene unaozishika laini zote tatu na kuziteremsha ardhini. Stima ikija kwa bahati mbaya, inakimbilia udongoni badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Sisi tuliona inatosha kuifunga upande mmoja tu, upande wa Kisumu, kwa sababu huko ndiko stima ilikotoka. Okumu alifunga upande wa Kisumu, akashuka, akaenda kufunga na upande wa pili, wa wateja. Siku moja nilichoka, nikamuuliza anaogopa nini huko.

"Omera, ndugu yangu, wewe unajua kuna nini huko?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, Mzee. Ni wateja tu."

"Umeenda kuangalia?"

Sikuwa nimeenda. Nani angeenda kuangalia nyumba za wateja wote mpaka ziwani?

"Basi funga," akasema, akanipa waya.

Msifikiri alikuwa nabii. Aliogopa tu, na aliogopa vitu vingi. Aliogopa nyuki, aliogopa ngazi za mbao, aliogopa supu ya hoteli. Tulimcheka mpaka siku ya Ouma. Huyu Ouma alikuwa fundi mwenzetu, mwepesi, anapanda nguzo huku anapiga mluzi. Tulikuwa njia ya kuelekea Awasi, mahali ambapo laini mbili zinakwenda sambamba na nguzo zake zimefanana. Moja ilikuwa imezimwa, nyingine haikuzimwa. Ouma alikuwa amepiga mluzi wake hadi karibu na juu ndipo nywele za mikono zikamsimama zenyewe, akasikia mvumo masikioni. Alikuwa amepanda nguzo ya ile laini isiyozimwa. Alishuka bila mluzi na suruali imeloa, akakaa chini ya gari, na hakuna mtu aliyemcheka siku hiyo. Wiki iliyofuata nikamwona anazunguka nguzo polepole akiwa na nyundo mkononi. Bibi arusi wakawa wawili, na baadaye tukawa wengi.

Sasa mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipobadilika, na ninyi mnaingia kazini baada ya mabadiliko hayo mkidhani dunia ilikuwa hivyo siku zote.

Wakati wetu stima ilikuwa na mwenyewe mmoja. Ukipiga simu kwenye chumba cha kuzimia laini pale Kisumu, anayepokea unamjua kwa sauti. Ukisikia ana mafua unamwambia anywe tangawizi, naye anacheka, anakuzimia. Na stima yenyewe ilikuwa na njia moja: inatoka kwenye mitambo, inapita nyaya kubwa, inafika transfoma ya kijijini, inaingia kwa mteja, basi. Ilikuwa kama maji ya mfereji. Ukifunga juu, chini panakauka.

Halafu serikali ikaanza kugawa ile kazi. Wa kuzalisha wakawekwa huku, wa nyaya kubwa kule, wa kuuza kwingine. Watu binafsi wakaja na mitambo ya mafuta, wakaruhusiwa kuuza stima kwa taifa. Kazi ya nguzo wakapewa makontrakta. Mwishowe sheria ikasema hata wewe mwananchi mwenye sola juu ya paa, ile inayobaki unaweza kuirudisha kwenye laini, ukahesabiwa. Mimi sisemi ni vibaya. Mama yangu alizikwa bila kuwahi kuwasha taa ya stima nyumbani kwake, mimi fundi wa stima nikiwa mwanawe. Leo boma lile lina taa hadi chooni. Ningekuwa mjinga kukasirikia hilo.

Na mafuta nayo yakaguswa. Bomba la mafuta linafika hapa hapa Kisumu, ungedhani dizeli kwetu ingekuwa rahisi. Lakini utaratibu wa kuagiza ukabadilishwa, ile ruzuku iliyokuwa inatuliza bei ikaondolewa, na kila mwezi bei mpya inaposomwa redioni watu wanashika kichwa. Wenye jenereta ndio walioumia zaidi. Wenye vinu vya posho, wenye barafu za samaki, wachomeleaji wa Nyamasaria, wote wakaanza kutazama juu ya paa. Huko juu jua ni la bure.

Kwa hiyo bei ya dizeli ikawafukuza watu kwenye jenereta, sheria ikawafungulia sola, na sola ikaungwa kwenye laini. Mabwana wa Nairobi waliyajua yote hayo, wakayaandika, wakapigiana makofi. Lakini hakuna aliyekuja kumwambia mtu wa nguzo kwamba kuanzia leo, ndugu yangu, stima inaweza kukujia kutoka chini. Hilo linanikasirisha hadi leo, na mke wangu ananiambia ninyamaze, presha itapanda.

Haya, niwaambie siku yenyewe.

Usiku mvua ilikuwa imepiga vibaya, nguzo ikaanguka na kukata nyaya karibu na njia panda, pale barabara ya Kendu Bay inapoanzia. Katito nzima ikawa bila stima. Asubuhi Akoth akanipigia simu.

"Baba, tumetumwa huko kwenu. Tukimaliza nitakuja kula."

"Utakula nini?"

"Ngege, Baba. Si unajua?"

Nikafurahi. Akoth alichagua kazi hii mwenyewe, mama yake akalia, mimi nikajifanya nimekasirika. Sasa yuko na kontrakta mmoja, anapanda nguzo kuliko wavulana. Nikachukua kikapu, nikateremka hadi bichi ya ziwani, kwa Mama Rose anayeuza samaki wa barafu.

Mama Rose akanifungulia mlango wa chumba cha baridi, na ile hewa ikanipiga usoni. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua samaki ndipo nikasikia mashine. Inanguruma vizuri kabisa. Nikatazama juu, balbu inawaka. Nikageuka kuitafuta jenereta yake. Ilikuwa pale pembeni, imezimwa, kuku wamelala juu yake.

"Mama Rose, stima imerudi?"

"Wapi! Hii ni sola yangu, Mzee." Akanionyesha paa kwa kidole, anatabasamu. "Dizeli ilinimaliza. Kijana mmoja wa Kisumu akaniwekea hii, na mchana ikibaki napeleka kwa laini. Sheria imekubali."

"Na stima ikipotea, haizimiki?"

"Mwanzo ilikuwa inazimika. Stima ikienda na yenyewe inaenda, samaki yangu inaoza. Nikaita ule kijana tena. Kulikuwa na ile kitu inazima-zima, akaitoa. Sasa ni sawa, haisumbui."

Kikapu kilinitoka mkononi.

Ile kitu, vijana wangu, inawekwa kwa sababu moja. Laini ya nje ikifa, inaitenga sola ya nyumba ili isitoke nje. Ikiondolewa bila kuweka swichi nyingine ya kutenganisha, sola inawasha mashine ya Mama Rose na papo hapo inatoka, inaingia kwenye transfoma yake, na transfoma inaikuza kurudi juu, kwenye laini ya kuua mtu. Transfoma ile ilikuwa inahudumia Mama Rose na kinu kimoja tu, na kinu siku hiyo kilikuwa kimefungwa. Hakukuwa na kitu cha kuila njiani. Nilitoka nje nikafuata waya kwa macho. Kutoka kwenye paa hadi transfoma, kutoka transfoma hadi nguzo, nguzo hadi nguzo, kupanda kilima kuelekea njia panda. Mwisho wa waya ule ndipo mtoto wangu alipokuwa anafanya kazi.

Nikapiga simu yake. Ikaita, ikaita, ikakatika. Mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba simu haipandi nguzo, inabaki kwenye gari. Nikapiga tena, nikijua kabisa inalia kwenye kiti cha gari tupu. Nikabonyeza namba vibaya, nikaanza upya.

Nikapigia namba ya dharura. Sauti ya kurekodiwa ikaniambia nichague lugha. Nikachagua. Ikaniambia nichague shida yangu. Mwishowe kijana mmoja akapokea, mwenye adabu nzuri.

"Hiyo sehemu iko chini ya kontrakta, Mzee. Nikupe namba yao?"

"Kijana, kuna watu watakufa. Wapigie wewe!"

"Nitaripoti, Mzee. Lakini ukiwapata wewe moja kwa moja ni haraka zaidi."

Namba aliyonipa haikupokelewa. Simlaumu yule kijana. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na laini haikuwa yake.

Nikamrudia Mama Rose, nikamwambia azime kila kitu.

"Mzee, na samaki yangu je? Imejaa, lori ya Nairobi inakuja jioni."

"Akoth yuko juu ya hiyo laini."

Alinitazama usoni. Anamjua Akoth tangu alipokuwa akija kununua omena amevaa uniform ya shule. Alikimbia, yule mama mnene, ndara moja ikabaki matopeni, akaingia nyuma ya ukuta, na nikasikia mashine inakufa. Kisha akarudi akaufunga mlango wa chumba cha baridi, akauegemea kwa mgongo baridi isitoke.

"Enda, Mzee," akasema. "Enda!"

Nikapanda bodaboda. Njia ile ya kupanda kilima si ndefu, lakini ninyi mngejua yaliyopita kichwani mwangu. Nimeshateremsha watu kutoka juu ya nguzo. Najua wanavyokuwa wazito, najua harufu, sitaki kuwaeleza. Nilijua nimezima sasa, lakini kama ameguswa kabla? Nilimwomba Mungu kwa Kijaluo kwa sauti, na yule wa bodaboda akadhani namsemesha, akawa ananiitikia.

Tulipofika njia panda nikaona watu wengi wamezunguka nguzo mpya, wanapiga kelele. Watu hawazunguki nguzo hivyo bure. Juu ya nguzo hakukuwa na mtu. Nikawasukuma, nikakanyaga ndizi za watu, nikapita.

Akoth alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, amevaa mkanda wake wa kupandia, amekunja mikono. Ni mzima. Kelele zilikuwa za kumkemea yeye.

"Kama unaogopa, toka tupande sisi!" kinyozi mmoja alikuwa anasema.

"Maziwa yangu inaharibika na msichana amekaa tu," mama mwingine akasema.

Na mbele yake amesimama msimamizi wao, Bwana Wafula, simu sikioni, jasho linamtoka. Si mtu mbaya Wafula. Kontrakta wake anamsukuma, naye kontrakta anasukumwa na waliompa kazi, na kila saa ya giza inaandikwa mahali.

"Akoth, kwa mara ya mwisho," Wafula akasema. "Wamezima huko juu, tumepima, umefunga athi. Unangoja nini?"

"Nimefunga upande mmoja. Athi ya pili iko na kundi la Awasi."

"Upande wa ziwa ni wateja tu!"

"Najua. Lakini naogopa."

"Unaogopa nini? Nieleze nimwambie bosi."

"Sijui, Bwana Wafula. Naogopa tu. Andika hivyo."

Hapo ndipo akaniona. "Baba? Ngege iko tayari?"

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, karibu naye, nikawaeleza kwa maneno yasiyopangika, sola, samaki, ile kitu iliyotolewa. Walipima asubuhi kabla jua halijatoka vizuri, wakati sola ilikuwa bado haina nguvu. Baada ya hapo jua lilikuwa limepanda. Wafula alinisikiliza hadi mwisho, akaishusha simu na mtu bado anaongea ndani yake. Alikwenda akaegemea lori. Yule mama wa maziwa akamshika Akoth begani na kusema pole, nyathina, mwanangu.

Baada ya muda Wafula akaja kwangu.

"Sasa umeizima, Mzee. Kwa hivyo laini iko sawa? Anaweza kupanda?"

Wote wakanigeukia. Vijana wangu, swali hilo niliulizwa maisha yangu yote, na kila mara nilikuwa na jibu. Nikainua macho nitazame bonde lile hadi ziwani. Jua lilikuwa linang'aa kwenye mapaa. Kanisa lina sola. Zahanati ina sola. Shule, duka la simu, nyumba ya mwalimu, kuna moja hata juu ya banda la ng'ombe. Ipi imeungwa kwenye laini, ipi haijaungwa, ipi imeshapitiwa na yule kijana wa Kisumu na koleo lake? Sikujua. Na nikaona kwamba hakuna mtu anayejua, si Wafula, si yule wa simu ya dharura, wala si walioandika sheria.

"Sijui," nikasema.

Tukangoja athi ya pili. Watu walinung'unika kidogo, lakini hakuna aliyesema apande. Ilipofika, Akoth akaifunga upande wa ziwa kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta, akaivuta tena. Akapima upya. Kisha akapanda. Mimi nikampa mgongo, nikatazama ukuta wa duka la dawa, nikasoma tangazo la dawa ya minyoo mpaka nikalikariri, nikisikia viatu vyake vikipiga nguzo. Sikutaka kuona. Nilitaka kusikia tu vikishuka.

Vilishuka. Wakafungua athi zote mbili, Wafula akapiga simu, na stima ikarudi. Redio zikalipuka, kinu cha sokoni kikaanza kusaga, watoto wakashangilia, kinyozi akakimbilia mashine yake. Soko zima lilikuwa linafurahi na mimi nimefunika uso kwa kofia, nalia.

Akoth alikuwa anakunja nyaya. Nikamwambia twende nyumbani, mama yake anangoja, nitatafuta samaki wengine. Kabla hajajibu simu ya Wafula ikalia. Akasikiliza, akasema sawa, sawa, akatuangalia.

"Awasi wamekwama. Laini nyingine imeanguka na wao athi yao tumeichukua. Lazima twende."

Akoth akarusha mkanda wake ndani ya lori. "Nitakula kesho, Baba."

Lori likawashwa. Nilitazama upande wa Awasi, mapaa mengine yale nisiyoyajua. Kisha nikashika chuma cha nyuma, nikajivuta kwa magoti yangu mabovu hadi juu, nikakaa kati ya nyaya.

"Mzee, unakwenda wapi?" Wafula akaniuliza. "Si ulistaafu wewe?"

Nikasogea, nikampisha binti yangu mahali pa kukaa.